Agustina Boke na Bafu la Nyumba ya Nyarero

Baba Paroko, wazee wa koo zote mbili, majirani na wote mliofika hapa Nyarero, wazee wangu shikamooni, na nyote poleni sana kwa msiba huu. Mimi naitwa Kisyeri Machage, mdogo wake marehemu wa kufuatana naye, nimetoka Nyansurura, na nimepewa kusoma historia hii kwa sababu watoto wake wamesema hawatafika mwisho bila kulia, ingawa sijui ni nani aliyewaambia kwamba mimi nitafika.

Marehemu Agustina Boke Machage alizaliwa tarehe 12 Machi 1952 katika kijiji cha Nyansurura, ambako leo ni wilaya ya Serengeti, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Machage na mama yetu Ghati, akaanza darasa la kwanza mwaka 1961 na kumaliza la saba mwaka 1967, wakati wasichana wengi wa rika lake walikuwa tayari na watoto mgongoni. Tarehe 7 Julai 1973 alifunga ndoa na Emanueli Werema, karani wa chama cha ushirika, akahamia hapa Nyarero, na Mungu akawajalia watoto watatu, Nchagwa, Gati na Felista.

Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa mpishi katika shule moja ya bweni ya wasichana mjini Tarime, baadaye akafanywa mlezi wa bweni, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2012, na katika miaka hiyo yote hakuna asubuhi aliyoacha kukagua mabafu, akipitisha kidole ukutani na kukinusa, na wapo akina mama watu wazima hapa ambao wakisikia jina lake bado wanaangalia kucha zao.

Nyumba hii mnayoiona ilikamilika mwaka 1986, matofali ya kuchoma yaliyoshikwa kwa udongo, ina bafu la wageni ukumbini na bafu lake mwenyewe, ambalo mlango wake uko ndani ya chumba chake cha kulala, yote mawili yakiwa na sakafu ya saruji iliyoliwa na maji hadi ikateleza, na choo kikiwa nje, ng'ambo ya zizi. Humu alimuuguza mumewe hadi alipofariki mwaka 2009, na humu alisema atakaa hadi naye atolewe.

Mwaka 2016 aligundulika kuwa na kisukari, Julai 2024 akapata kiharusi kilichodhoofisha mguu wa kushoto, na tarehe 19 Agosti mwaka huohuo aliteleza bafuni akaumia nyonga, akalazwa wiki nyingi, na daktari akamwambia Felista wazi kwamba mama akianguka tena vile hatainuka. Kuanzia siku hiyo ukoo mzima ulikuwa na hofu moja tu, mama arudi nyumbani kwake akute mahali pa kuoga na kujisaidia pasipomuua.

Nchagwa alimleta fundi kutoka Nyamongo na vijana wake, wakaja mwezi Septemba na maneno matamu, wakavunja sakafu zote mbili, wakachimba shimo la maji taka nyuma ya nyumba, halafu habari ikafika kwamba dhahabu imeonekana sehemu fulani, na kesho yake asubuhi wakapanda bodaboda na sururu zao, wakaacha shimo wazi na nyumba haina hata pa kunawia uso. Tulipiga simu hazikupokelewa, tukatafuta fundi Tarime mjini, tukatafuta Sirari, kila tuliyemwulizia tuliambiwa yuko kwenye mashimo ya dhahabu, na mawingu ya mvua za vuli yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

Dada alitolewa hospitali tarehe 30 Septemba nikampeleka kwangu Nyansurura, na kila jioni aliniuliza bafu limefika wapi, nami nikamdanganya kwamba linaendelea vizuri. Aliyebaki alikuwa mtu mmoja tu, Ombeni, mume wa Gati, kijana wa Same aliyekuja Nyamongo kutafuta dhahabu, ikamkwepa, akarudi kwenye ufundi wake wa mabomba na vigae, na huyo ndiye hasa ambaye hatukuweza kumwita.

Kwa wageni wetu niseme kwamba kwetu mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa umbali, hawapeani mikono, hawaitani majina, na chumba cha kulala cha mama mkwe, mkwe hakikanyagi kamwe, sasa bafu lililo ndani ya chumba hicho angelifikiaje? Tulikaa kikao tukabishana, wengine wakisema heri mama abaki Nyansurura, wengine wakisema heshima haimzuii mtu kuanguka, na dada mwenyewe alipoulizwa alisema tu kwamba anataka kwake, na kwamba asiaibishwe uzeeni.

Mwisho tukamtuma Gati akamwombe mumewe, Ombeni akakubali, bafu la wageni na lile shimo lililoachwa wazi akavimaliza upesi, kisha tarehe 21 Oktoba akafanya jambo lililotutoa jasho, aliuzunguka ukuta wa nyuma akautoboa kwa nje ili aingie bafuni bila kupita chumbani, na ukuta ule ulioshikwa kwa udongo ukaanza kupasuka, ufa ukapanda hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, mvua nayo ikashuka usiku uleule. Nilipofika nikakuta nyumba ya shemeji yangu imeegemea nguzo za mkaratusi kama mlevi, nikamfokea mbele ya watu, nikamwuliza kwa nini asingepita mlangoni siku moja tu wakati mwenyewe hayupo, naye akanijibu akiwa amejaa tope: "Shikamoo, mjomba. Ukuta nitauziba. Lakini nikishakanyaga chumba cha mama, hapo sitakuwa na cha kuzibia." Hata hivyo hofu haikuniisha, kwa sababu heshima yake niliiona na ufa niliuona pia.

Ombeni hakuweza kumwuliza mama choo kiwe na kimo gani, wala bomba la kushikia liwekwe wapi, kwa hiyo Gati alisafiri hadi kwangu, akampima mama yake kwa fimbo akiwa ameketi na akiwa amesimama, akairudisha fimbo kwa mumewe na alama zake. Ombeni akaweka choo cha kukaa, vigae visivyoteleza na bomba la chuma ukutani, akashona ufa kwa nondo na saruji, mwisho akatoka kwa tundu lake na kuliziba kwa matofali mapya.

Tarehe 7 Desemba 2024 dada alirudi, akaingia kukagua kama yuko bwenini, akapitisha kidole kwenye vigae, akafungua koki, akaketi, akashika bomba, kisha akauliza yale matofali mapya ni ya nini, na Gati akamweleza. Akatufukuza wote pale mlangoni, tukadhani amekasirika, kisha tukasikia maji, na alipotoka alisema, "Mwambieni baba Rahabu mama ameoga," akimtaja Ombeni kwa jina la mtoto wake, maana jina la mkwe halitamki.

Alioga humo bila kuanguka hadi tarehe 28 Mei 2025, kiharusi cha pili kilipomkuta bafuni, Gati yuko sokoni, na nje yuko Ombeni peke yake anatengeneza tanki la maji. Alisikia akiitwa, akafika hadi mlango wa chumba, akasimama hapo akipiga kelele za kuita wanawake, hakuna aliyesikia, mpaka dada akamwambia, "Ingia, mwanangu, mimi ni mama yako," naye akajifunga taulo usoni, akaingia akipapasa, akamfunika kanga, akambeba hadi barabarani, akasimamisha gari la kumpeleka hospitali. Dada aliniambia kwa simu, ulimi ukiwa mzito, kwamba siku hiyo alipata mtoto wa nne, na tarehe 9 Juni 2025 alifariki hospitalini Musoma, wanawe wakiwa naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani wa Nyarero waliotuletea maji na kuni, jumuiya yake kwa sala, na wafanyakazi wenzake wa zamani, pamoja na wasichana wake wa bweni waliofika na nywele nyeupe.

Mwisho, tangu jana mkwe wetu Ombeni amesimama kule nje ya ua, kwa sababu desturi haimruhusu kukaribia jeneza, na wazee wa koo zote mbili wamekaa asubuhi hii wakanituma niseme hivi, mama alimwita ndani mwenyewe, akamwita mwanangu, na sisi hatuna mamlaka ya kumrudisha nje. Ombeni, ingia, mwanangu, shika jeneza upande wa Nchagwa, mpeleke mama yako.

Dada Boke, leo unatolewa nyumbani kwako kama ulivyotaka, nenda ukapumzike, na amani ya Mungu iwe nawe.