Neno Ambalo Gobnait Alikataa Kulizika

Baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya kamusi ya Kiayalandi hapa Dublin, Gobnait Ní Luasa anastaafu Ijumaa, tarehe 27 Juni. Anatuachia birika bovu na kabati zima la kadi za maneno.

Alianza kama mpanga kadi, akapanda hadi kuwa mhariri wa herufi M. Sheria yake ilikuwa moja: hakuna maana inayoingia kamusini bila shahidi, yaani jina la aliyelitamka neno, mahali na siku. Alitutesa kwelikweli. Mimi nilirudishwa jimboni Kerry mara mbili kwa ajili ya jina la samaki mmoja.

Neno lililomkosesha usingizi ni meitheal. Asili yake ni mavuno: zamani lilimaanisha kundi la wavunaji, na majirani zetu wa Wales wanalo linalofanana nalo. Baadaye likaja kumaanisha majirani wanaokusanyika kumaliza kazi ya mwenzao, bila malipo, kwa chai na mkate tu. Mhariri mkuu wetu, Fiachra, alishaiwekea maana hiyo alama ya "haitumiki tena".

"Siku hizi watu wanakodi mashine, Gobnait. Lizike tu."

"Nionyeshe maiti kwanza," akajibiwa.

Gobnait alikuwa na sababu. Alipokuwa na miaka tisa baba yake alivunjika mguu, na majirani wakawaanulia kwa siku moja mboji yao yote, ule udongo unaokaushwa na kuchomwa kama kuni. Aliogopa kwamba neno likifa, watu watasahau kuwa jambo lenyewe linawezekana. Lakini kumbukumbu yake mwenyewe aliikataa kama ushahidi: ni ya zamani mno.

Mwezi uliopita alibakiwa na kadi elfu moja na mia mbili za kuhakiki, na kwa ukaidi wake hakuomba msaada. Jumamosi asubuhi tulimvamia ofisini, watu kumi na mmoja, Fiachra akiwa amebeba sandwichi za mayai. Muireann wa mapokezi, ambaye hajawahi kuhariri hata mstari, alivua koti.

"Haya, sogea huko! Hii ni meitheal. Wewe kapike chai."

Saa kumi jioni kadi zilikwisha. Gobnait hakusema asante. Alichukua kadi tupu akaandika: Muireann, mapokezi, Dublin, tarehe 24 Mei. Fiachra akaisoma, kisha akaifuta ile alama yake ya "haitumiki tena" kwa mkono wake mwenyewe. Hapo Gobnait alilia, nasi tukajifanya tunatafuta sukari.

Ahsante, Gobnait, kwa kutusumbua. Kapumzike Cork kwa raha na afya. Na kazi ikikuzidi huko, usihangaike kutuita. Tutakuja wenyewe.