Zaburi Isiyo na Pindo

SHEMEJI: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi, shemeji. Fundi cherehani wenu.

SHEMEJI: Aa! Shikamoo, shemeji. Dada yangu ameamkaje?

FUNDI: Marahaba. Ameamka, lakini—

SHEMEJI: Unakatika! Lakini nini?

FUNDI: Hataki uji. Hata maji hataki. Amegeukia ukutani.

SHEMEJI: Umemfanya nini?

FUNDI: Nimemsomea.

SHEMEJI: Umem— nini?

FUNDI: Zaburi. Kila asubuhi namsomea moja, ndipo nakaa kwenye cherehani. Ya leo, mtu analia tangu mstari wa kwanza. Nikasema moyoni, mwishoni atajibiwa, wenzake hujibiwa. Nikafika mwisho. Mstari wa mwisho ni giza tu.

SHEMEJI: Giza?

FUNDI: Haina pindo, shemeji. Kama gauni lililoachwa nyuzi zinaning'inia.

SHEMEJI: Na wewe ukamsomea hivyo hivyo? Si ungeiruka!

FUNDI: Mimi siruki. Nilijifunza kusoma na mvi zangu, darasa la jioni, kwenye madawati ya watoto, magoti yamenifika kidevuni. Mwalimu alituambia anayeruka hajasoma.

SHEMEJI: Mwalimu wako hakuwa na mgonjwa ndani!

FUNDI: Dada yako aliniuliza, "Na jibu?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi."

SHEMEJI: Basi nini?

FUNDI: Basi tu.

SHEMEJI: [mkwaruzo] ...daktari jana alisemaje?

FUNDI: Alisema tumpe chochote anachotaka.

SHEMEJI: Alisema hivyo?

FUNDI: Hivyo.

SHEMEJI: Sikiliza. Mwambie kurasa ziligandana. Mtungie mwisho, mistari miwili tu. Magauni ya watu si unayatia pindo kila siku?

FUNDI: Kitambaa, ndiyo. Hiki si—

SHEMEJI: Ni dada yangu huyo!

FUNDI: Nimejaribu! Nimekaa hapa na chaki mkononi kama mjinga. Kila ninachotunga kina sauti yangu. Atanijua. Nikimwambia mteja nguo iko tayari, na hata sijaikata, nani hucheka nyuma ya pazia? Si yeye?

SHEMEJI: Ndiye huyo. Ngoja— nani anaita? Ni yeye?

FUNDI: Naam, mke wangu? [anasikiliza] Anataka nimsomee.

SHEMEJI: Ipi?

FUNDI: Ile ile.

SHEMEJI: Jamani, mnyime hiyo!

FUNDI: Chochote anachotaka, shemeji.

SHEMEJI: Basi mshike mkono. Soma. Usikate simu, nami nisikie.

FUNDI: Salio lenyewe la kubahatisha... Haya. [kurasa zinafunguliwa] Shemeji, herufi zinacheza.

SHEMEJI: Vaa miwani.

FUNDI: Nimevaa.

SHEMEJI: Shemeji yangu... futa macho, kisha anza tara—

FUNDI: Haloo? Haloo? [anamgeukia mkewe] Hapana, mke wangu, ni salio limekwisha. Mimi nipo. Nasoma.