Geti Nililolizunguka

Ndugu zangu, wanahisa wenzangu, mama zangu mliokaa mbele, na nyinyi kaka zangu mlioegemea ukuta kule nyuma mkisubiri soda, amani iwe kwenu. Wa kanisani nawasalimu, wa msikitini nawasalimu, na wale mliovuka mpaka kutoka Nakonde asubuhi hii, mulishani. Mwenyekiti ameniambia nisirefushe. Mama wa jikoni naye ameniambia maharage bado magumu. Nitamsikiliza mama wa jikoni.

Kikao kilichopita mlinichagua niwe mmoja wa washika funguo wa sanduku letu. Mnajua utaratibu wetu: makufuli matatu, funguo tatu, watu watatu. Mmoja asipofika, sanduku halifunguki, na aliyekuja kukopa ada ya mtoto anarudi mikono mitupu. Mlipopiga makofi, mama mmoja alisema kwa sauti, "Huyu? Huyu si ndiye Kesho Hayupo?" Ukumbi ukacheka, nami nikacheka. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani sikucheka, kwa sababu yule mama alikuwa na haki ya kuuliza. Ndiyo maana nimeomba nafasi leo. Nawaeleza mimi ni nani, majina ya watu sitaji, kisha ufunguo nitauweka hapa mezani. Mkiona unafaa kukaa kwa mwingine, achukue.

Mimi nimezaliwa Mbozi, nyumba ya kahawa na mahindi. Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa na wala wazazi hawakukosa ada. Kuna lori lilikuwa linakuja kuchukua kahawa, na mimi nilitaka kujua kahawa ile inakwenda wapi. Siku moja nikapanda. Nikajua. Baada ya hapo nikataka kujua dhahabu inatoka wapi, nikaenda Mkwajuni, nikashuka mashimoni. Nikataka kujua wafugaji wanawezaje kumtambua ng'ombe mmoja kati ya mia, nikaenda kuchunga kule Momba bondeni. Nikaja hapa Tunduma kusukuma mikokoteni mpakani. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa, na nikishaelewa, miguu inaanza kuwasha. Kwa jina la Kesho Hayupo sikuonewa.

Mwisho nikaingia kwenye mpunga. Nilikuwa na pikipiki ya mkataba, ya mtu niliyekuwa namlipa kila wiki, nanunua mpunga Msangano, nafunga magunia mawili nyuma, napandisha nao mpaka hapa Tunduma kwa mama mmoja mwenye mashine ya kukoboa. Yupo hapa ndani. Mama, usijifiche nyuma ya kitenge, kila mtu anakujua.

Sasa njiani kulikuwa na geti la ushuru wa mazao. Na sisi wa pikipiki, ndugu zangu, geti lile hakuna aliyewahi kulipita. Tulikuwa na njia yetu. Unaacha barabara kuu kwenye njia panda, unaingia njia ya ng'ombe, unashuka korongo, unapanda upande wa pili, unatokea mbele ya geti. Pale njia panda kulikuwa na jamaa anauza vocha kwenye kibanda. Ukifika unasimama, unamuuliza, "Kaka, wapo leo?" Anatazama kule getini kama kamanda, anasema, "Wapo. Tena leo wamekaza." Unampa hela ya soda, unaingia korongoni. Mwaka mzima sikumsikia hata mara moja akisema hawapo.

Nawaambia, mimi niliyepanda lori kujua kahawa inakwenda wapi, sikuwahi kujiuliza geti lile linatoza nini. Niliwakuta wenzangu wanalizunguka, nikalizunguka.

Masika yalipokuja, korongo likawa linapita maji. Wenzangu watatu walivuka mbele yangu. Mimi katikati tairi la mbele likaingia kwenye shimo, pikipiki ikalala, na mguu wangu ukawa chini yake. Nilisikia mfupa. Magunia yakakaa kwenye maji kama viboko. Wenzangu wakarudi, wakanivuta, lakini hawakuwa na pa kunibeba, pikipiki zao zina mizigo na mguu wangu umegeuka unatazama kusikofaa.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mfugaji, alikuwa anapita na mkokoteni wa ng'ombe. Wakanipakia. Mzee akasema na magunia pakieni, huwezi kuacha chakula cha mtu kwenye maji. Nikalala juu ya turubai, mguu umefungwa kwa vijiti, magunia ubavuni yanachuruzika. Mzee akageuza ng'ombe kuelekea barabara kuu.

Nikamuuliza, "Baba, tunapita wapi?"

"Barabarani, mwanangu. Zahanati iko mbele ya geti."

"Baba, pale getini kuna ushuru."

"Wewe umevunjika mguu unaongelea ushuru?"

Ndugu zangu, msiombe kuwa wajinga namna ile. Mguu ulikuwa unauma mpaka naona nyota mchana, lakini ninachokiogopa ni geti. Nikavua koti nikafunika gunia moja. La pili nikalilalia.

Tukafika. Mtu wa getini akaja, kijana mpole tu, mkononi ana kipande cha muwa. Akaniangalia, akamwambia mzee apite haraka. Halafu akaona koti.

"Hapo chini kuna nini?"

Nikasema, "Nguo."

"Nguo zinatoa maji?"

Nikakiri. Nikasema ni mpunga, gunia mbili, kaka nihurumie, hali yangu unaiona, sina hata senti. Yule kijana akamtazama mzee, mzee akatazama ng'ombe wake. Kijana akasema, "Sasa gunia mbili unaficha za nini? Mzigo usiofika tani moja haulipiwi ushuru hapa. Pita, kaka. Pole sana."

Nikamwambia mzee asimamishe ng'ombe. "Tangu lini?"

"Mimi nimeajiriwa nimekuta hivyo. Si imeandikwa pale?"

Akanyoosha muwa. Kwenye ukuta wa kibanda kulikuwa na bango, herufi kubwa, limeshaanza kupauka kwa jua. Limekaa pale siku zote. Lakini utalisomaje bango la getini wakati unapita korongoni?

Nikaanza kucheka. Mzee akadhani nimepata kichaa cha maumivu, akawachapa ng'ombe. Nilicheka mpaka zahanati, na machozi yalikuwa yanatoka, na hadi leo siwezi kuwaambia yalikuwa ya kitu gani.

Zahanati walinifunga vizuri wakanipeleka hospitali, nikatiwa chuma mguuni. Pikipiki mwenyewe aliichukua, ni haki yake. Mpunga ulishaanza kuota. Mama wa mashine ndiye aliyeutandaza uani kwake, akaugeuza kila jua lilipotoka, ukatoka chenga za njano, zikaenda kwa wafuga kuku. Na mimi mwenyewe akanichukua, akanipa chumba cha stoo kati ya pumba na magunia matupu. Alisema, "Kaa hapa mpaka upone. Na kwa mara ya kwanza hutaweza kuondoka bila kuaga."

Nikiwa nimekaa pale, mguu uko juu ya gunia, swali moja halikunitoka. Kama geti lile nililikimbia bure, kuna nini kingine ninachokikimbia bure?

Nilipopata magongo, nikaenda halmashauri. Mama akadhani nimeitwa kwa kesi. Nikamwambia hapana, naenda kuuliza. Nikauliza kila dirisha. Wengine walinichoka, sisemi uongo, wengine waliniambia njoo kesho. Lakini kulikuwa na dada mmoja wa maendeleo ya jamii, yeye alinivutia kiti. Akanieleza leseni, akanieleza namba ya mlipakodi ni ya nini, kwamba kuipata si sawa na kudaiwa. Kisha akanieleza kuhusu mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Nami nilikuwa bado ndani ya umri wa vijana.

Nikamuuliza, "Dada, hiyo hela inatoka wapi?" Mnajua mimi lazima nijue kitu kinatoka wapi.

Akasema, "Inatengwa kwenye mapato ya halmashauri yenyewe. Ushuru wa masoko, leseni, ushuru wa mazao."

"Ule wa getini?"

"Ule wa getini umo."

Nikaegemeza magongo ukutani, nikamwomba aanze kunieleza upya.

Kikundi kilikuwa rahisi. Wale wenzangu wa korongoni wote walikuja, na yule jamaa wa vocha naye akaja, kwa sababu nilipowaeleza habari za bango alikosa wateja siku hiyo hiyo. Walitaka kumpiga. Akaapa kwamba naye alikuwa hajui, kwamba alikuwa anaona watu wamekaa pale na anasema anachokiona. Tukamsamehe. Leo ndiye mweka hazina wetu, yule pale anajikuna.

Kigumu kilikuwa barua ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa aliniangalia akacheka mpaka akavua kofia. "Nikuandikie kwamba wewe ni mkazi? Wewe ni mpita njia, kijana wangu. Unaona yale mahindi ya jirani, yamechipua juzi. Yakivunwa ukiwa bado upo hapa, njoo."

Nikasubiri mahindi. Mguu ulinishika mwanzoni, kisha mguu ukapona, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kukaa ni kazi, jamani. Nilikoboa mpunga wa mama, nikafagia pumba, nikatazama mahindi ya jirani kama mtu anayetazama saa. Yakavunwa. Barua nikaipata.

Sasa sikilizeni. Siku moja kabla yule dada hajaja kutukagua, simu ikapigwa kutoka Mkwajuni. Rafiki yangu wa mashimoni. "Kumetoka mwamba mpya huku, kaka, njoo leo, kesho watakuwa wamejaa." Miguu ikaanza kuwasha yote miwili, hata ule wenye chuma. Nikakunja nguo zangu kwenye begi. Mama akasimama mlangoni, hakulia, hakunisema. Akauliza tu, "Na huyo dada kesho, wenzako watampa au hawatampa jibu zuri, wewe utajuaje?"

Nikalala na begi limefungwa. Asubuhi bado nilikuwepo.

Dada akafika, akatukuta watano tumekaa kwenye benchi tumenyooka kama tunapigwa picha. Akauliza mambo ya mpunga, tukajibu. Halafu akanigeukia mimi. "Mkipewa fedha hii, mnadhaminiana. Mmoja akiondoka, wanne wanabeba. Wewe mwakani utakuwa wapi?"

Wenzangu wote wakaangalia begi langu pale kwenye kona.

Nikasema, "Dada, maisha yangu yote sijawahi kujua mwakani nitakuwa wapi. Nikikuambia najua, nitakudanganya. Lakini jambo hili nimelianza kwa kuvunjika mguu, na nataka kujua mwisho wake. Mimi sijawahi kuondoka mahali kabla sijaelewa."

Ndipo jamaa wa vocha akasema, "Dada, mwandike tu. Akitoroka nitamwona. Mimi nakaa njia panda."

Yule dada alicheka mpaka akaweka kalamu chini. Na sisi tukacheka, na wenzangu mmoja baada ya mwingine wakasema, mwandike, tutambeba. Ndugu zangu, mimi nimebebwa na mkokoteni wa ng'ombe, lakini siku ile ndiyo niliyojua kubebwa.

Tulipata. Tukanunua pikipiki ya magurudumu matatu ya mizigo, tukaacha korongo kwa ng'ombe wenyewe. Marejesho hatujawahi kuruka. Na msimu huu, mpunga ulipokuwa mwingi, tukakodi lori la Kanta. Tukafika getini. Yule kijana wa muwa bado yupo. Akahesabu magunia, akanitazama, akasema, "Kaka, leo mmezidi tani. Leo mnalipa."

Tukalipa. Tukapiga picha na risiti. Wenye magari nyuma yetu walidhani tuna wazimu, watu wazima watano wanakumbatiana kwa sababu wametozwa ushuru. Hawakujua kwamba tulikuwa tunarudisha kitu mahali kilikotoka, na kwamba kuna kikundi kingine mahali fulani kimekaa kwenye benchi kimenyooka, kinasubiri.

Namshukuru mzee wa mkokoteni, ambaye hata jina lake sikuwahi kulijua na nikimpata nitamnunulia turubai jipya. Nawashukuru wa zahanati na wa hospitali. Nakushukuru dada wa kiti, na wewe mwenyekiti wa mtaa uliyenisubirisha mahindi. Nawashukuru wenzangu wanne. Na wewe mama, uliyegeuza mpunga wangu uani, Mungu akugeuzie mema.

Ninalowaachia ni dogo. Ukiona watu wote wanalizunguka jambo, nenda kaulize mlangoni kabla hujashuka korongoni. Labda kweli utatozwa. Lakini utakuwa umesoma bango kwa macho yako.

Kesho alfajiri nashuka Msangano, hilo nawaambia mapema. Nitapita getini, kwa hiyo mkitaka kujua niko wapi, ulizeni pale. Jumamosi kwenye kikao nitakuwepo. Ufunguo huu hapa, nauweka mezani kama nilivyosema.

Unasemaje, mama? Ongea kwa sauti, ndiyo wewe uliyeniita Kesho Hayupo.

Haya. Wote mmemsikia. Anasema niurudishe mfukoni, na nisichelewe Jumamosi, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kukopa.

Naurudisha. Mama wa jikoni, naona unanipungia mwiko. Tuleni.