Nyongo ya Jumanne

Mbele yangu, kwa foleni ya gari za Nakuru pale Molo, daktari kijana wa upasuaji alikuwa akimweleza mathe mmoja vile siku hizi nyongo ya mtu inatolewa kupitia matundu madogo, mpasuaji akiangalia ndani kwa skrini.

"Ulisomea wapi hiyo?" mathe akauliza. "Semina ya siku mbili, Naivasha. Tulitumia mbuzi." Alisema Naivasha kama mtu anayesema ng'ambo.

"Nyongo ya mbuzi hata mzee wangu hutoa bila kuipasua. Hao wenu waliamka?" "Mama, walikuwa wamechinjwa tayari." "Basi hakuna hata mmoja ameamka."

"Mgonjwa wangu wa kwanza ni Jumanne," daktari akasema, ametulia kabisa.

Gari ikaingia. Mathe akatoa kadi ya hospitali kwa kiondo, akasoma tarehe aliyoandikiwa, kisha akaniuliza mimi, si daktari, Jumanne ni tarehe ngapi.