Mama Mitambo na Kompyuta ya Kiwanda

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Mitambo, jina alilolipenda kuliko alilopewa na wazazi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1954, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, binti wa fundi saa, na nadhani mikono isiyotulia aliirithi huko. Alimaliza sekondari mwaka 1972, akasomea upigaji chapa, na mwaka 1975 akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, alikofanya kazi hadi kustaafu mwaka 2009.

Kiwanda kiliponunua kompyuta yake ya kwanza, mwaka 1986, wanaume waliiogopa kama bomu, yeye akavuta kiti akakaa. Ilipokufa na kutupwa stoo, mwaka 1999, aliibeba mwenyewe hadi nyumbani.

Aliolewa na baba yetu, dereva wa lori, tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu, na sebule iliyojaa kompyuta mbovu za mezani na za mpakato alizoletewa azifufue kutoka kila kona ya mji. Baba alilalamika kwamba mswaki wake ulitumika kusugulia kutu, na ni kweli tupu.

Mama hakuchomeka mashine ya zamani kwenye umeme kabla ya kuifungua na kutoa betri ya saa iliyovuja. Bila betri hiyo mashine husahau siku, ikiwaka huuliza tarehe, na hapo mama aliondoa mikono, akamwambia mwenye mali, "Haya, iambie leo ni lini, imelala mno." Hakumwandikia mtu tarehe hiyo, hata awe mkurugenzi.

Ile ya kiwanda ndiyo iliyomshinda. Moyo ulipoanza kumsumbua, Januari 2023, alisema hataki kuiacha imekufa, akawa anaelekeza kitandani, baba akilehemu, akikaripiwa, "Taratibu, hilo si lori!" Alifariki hospitalini tarehe 2 Juni 2024, kikiwa kimebaki kipande kimoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliovumilia harufu ya risasi ya kulehemu, na wenzake wa kiwandani, ambao leo wamembeba.

Asubuhi hii baba alikifunga kipande kile, akawasha, na mashine ikauliza tarehe. Baba, ambaye hakuwa amewahi kugusa kibodi, aliandika kwa kidole kimoja, akilia, 5 Juni 2024.

Pumzika kwa amani, Mama, imeamka.