Dkt. Jael Osewe Kimotho (1974–2025): Aliyejua Mchanga Ulikotoka

Wapendwa, dada yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Mei 1974, Kisumu Ndogo, Kibera, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Osewe, fundi wa mawe, na Mama Seline, ambaye wengi wenu mmenunua omena kwake. Kuosha omena ilikuwa kazi ya Jael. Siku moja mama alikuta samaki wamewekwa kando na mtoto ameinamia beseni, anachokora mchanga mweusi uliobaki chini.

"Wateja wanangoja, wewe unacheza na uchafu?"

"Mama, mweupe umeenda na maji, mweusi umekataa. Kwa nini?"

Mama Seline alimfinya sikio. Kisha wakacheka wote wawili.

Alisoma shule ya msingi karibu na Makina, akaenda shule ya bweni Siaya, na mwaka 1994 akaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea jiolojia. Shahada ya uzamivu aliipata Uskoti mwaka 2006. Huko alibobea katika madini mazito, yaani zile punje chache ndani ya mwamba wa mchanga ambazo huzama pale nyingine zinapoelea. Aliwafundisha wanafunzi wake kwamba miamba miwili inaweza kufanana kabisa kwa macho, lakini punje hizo zitakwambia kama ni tabaka moja, na mchanga wake ulibebwa kutoka milima gani.

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na Kimotho, mwalimu wa hesabu, wa Kawangware. Haikuwa rahisi. Kulikuwa na watu wa pande zote mbili waliosema Mjaluo na Mkikuyu hawataelewana. Alipopelekwa kwa baba mkwe, Mzee Ng'ang'a, mwenye ploti ya nyumba za kupangisha, aliambiwa papo hapo.

"Nasikia unasomea mawe. Sisi hapa tunayajengea."

"Ni sawa, Baba. Mimi nayauliza tu yalitoka wapi."

Mzee akaangua kicheko. "Hilo ndilo swali nilitaka kukuuliza wewe!" Chai ikaletwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kumsema Jael vibaya mbele ya Mzee.

Alifundisha chuo kikuu hadi mwisho, lakini kazi aliyojivunia zaidi ilikuwa ya mwaka 2014, kaskazini, Turkana. Kijiji kimoja kilikuwa na kisima kilichotoa maji matamu kutoka kwenye mwamba wa mchanga. Kijiji cha jirani kilichimbiwa chake, mashine ikaufikia mwamba unaofanana na ule, ukawa mkavu. Jael aliitwa kuthibitisha tu kwamba maji hayapo. Badala yake alirudi Nairobi na vipande vya visima vyote viwili, akavisaga, akazitenga punje nzito na kuziweka chini ya hadubini. Za kisima chenye maji zilikuwa nyekundu, madini ya ganeti kutoka milima ya kale. Za kisima kikavu zilikuwa za kijani, zilizotoka kwenye volkano.

Alirudi Turkana akakuta Mulwa, msimamizi wa uchimbaji, ameshaanza kufungasha.

"Daktari, mchanga tumeupata, maji hakuna. Wacha twende."

"Huu si ule, Mulwa. Huu ulitoka volkano, ni wa juzi tu. Ule wa maji ni wa kale, uko chini yake."

"Na kama hauko?"

"Utawaambia ni mimi nilikosea. Washa mashine."

Mashine ikawashwa. Kina mama walikuwa wamekaa na mitungi mitupu, wakimtazama yeye, si mashine. Siku ya tatu vumbi linalotoka kisimani lilibadilika rangi. Alichota vumbi la kujaa kiganja, akalisuuza, akatazama kwa lenzi yake, akapiga ukelele: nyekundu! Jioni ile maji yalitoka. Mulwa, mtu mzima, alilia hadharani.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea kusahihisha kazi za wanafunzi akiwa kitandani, tena bila huruma. Binti yake, Audrey, alimuuliza kama anaogopa. "Kidogo," alisema. "Lakini nilifanya kazi niliyoitaka, na nilipendwa. Usinionee huruma." Alituaga kwa utulivu tarehe 3 Oktoba 2025, Kimotho akiwa amemshika mkono.

Amemwacha mumewe Kimotho. Watoto wao Audrey na Muchiri. Kaka yake mdogo Austine. Baba mkwe Mzee Ng'ang'a. Na wanajiolojia wengi aliowalea. Amemwacha pia Mama Seline. Tulipokuwa tukiandika maneno haya, tulimuuliza angependa tuseme nini. Alijifunga leso vizuri, akatuambia: "Semeni nilizaa daktari wa mawe, Kisumu Ndogo. Na mseme kwa sauti."

Tumesema, Mama.

Jael, Mungu akupe pumziko jema.