Madigadi ya Mwalimu wa Kwaya

Kijiwe chenyewe ni gogo moja la mkaratusi na kreti mbili za soda, hapa Iringa, pale barabara ya Kalenga inapoziacha nyumba za mji. Upande mmoja nimeweka jiko langu na birika la kahawa ya tangawizi. Upande wa pili Fundi Lusekelo, Mnyakyusa wa Tukuyu, amefunga turubai na kupanga spana zake za baiskeli. Katikati wanakaa wanaume. Sisemi wanafanya nini, maana hawafanyi kitu. Yupo Injinia, jina lake Dastan, aliyewahi kuwashikia wapima barabara ncha ya kamba, akarudi nyumbani na cheo ambacho hakuna aliyempa. Yupo Waziri, yaani Yotamu, ambaye hata ubalozi wa nyumba kumi hajawahi kuupata, ila hujibu kila jambo kama kaulizwa bungeni. Na yupo Usangu, jina lake Ngolo, Msukuma wa kule bonde la Usangu kwenye ng'ombe. Alikuja mjini kuuza ng'ombe wawili, akawauza, na mpaka leo hajaondoka. Mimi wananiita Bibi Evarista wakati birika limejaa. Likiisha sijui wananiitaje.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikapumzika mchana, na wingu jingine likawa limekaa juu ya mlima linasubiri. Akaja Joachim wa Kalenga na baiskeli isiyo na madigadi. Maana yake alikuja na mstari wa tope jekundu kuanzia makalioni hadi kisogoni, umenyooka kama umepigwa rula.

Injinia: Mwalimu! Leo tena umejichora!

Joachim: Kamwene wazee. Acheni tu. Fundi, nataka madigadi, tena sasa hivi.

Waziri: Masika nzima unatembea hivyo. Leo kimekuuma nini?

Joachim: Wazee wa kanisa wamekaa kikao juu yangu.

Hapo nieleze kidogo. Huyu Joachim ni mwalimu wa kwaya. Mwalimu wa kwaya anawatazama waimbaji, mgongo anawapa waumini. Basi usharika mzima tangu Noeli umekuwa ukisali huku unatazama tope la Kalenga. Jumapili iliyopita watu walicheka kwenye toba.

Joachim: Wamesema kesho nikisimama na tope tena, kwaya anapewa Liberatus.

Usangu: Liberatus yupi? Huyu wa duka la mbolea?

Joachim: Huyo huyo. Sauti ya tatu hajui hata inaanzia wapi. Ila anakaa nyuma ya kanisa, anakuja kwa miguu, msafi kama sahani ya mgeni. Miaka yote nimeijenga ile kwaya, halafu nipokonywe kwa sababu ya shati!

Mimi: Si ubebe shati jingine kwenye mfuko, ubadili ukifika?

Joachim: Bibi, mwalimu wa kwaya avulie shati nyuma ya choo kama mchezaji wa akiba?

Mimi: Haya. Na mazoezi ya leo saa ngapi?

Joachim: Saa tisa. Bado kabisa.

Mimi: Kwenye mazoezi hakuna waumini. Nenda na tope lako, ukirudi ndo ufungiwe.

Joachim: Nataka niingie leo leo wayaone, Bibi. Habari iwafikie wazee kabla ya kesho. Fundi hapa ni kugusa tu.

Nilimwambia mara moja. Sikumzaa mimi.

Fundi Lusekelo akaipindua baiskeli, akachomoa gurudumu la nyuma, akatandaza chini aina tatu. Ya kwanza ya chuma, marefu, yaliyotoka kwenye baiskeli ya zamani. Ya pili ya plastiki nyeusi, mafupi, mapya. Ya tatu kayakata mwenyewe kwenye dumu la mafuta ya kula, ya njano, na nusu ya ua la alizeti bado liko pale linakutazama.

Fundi: Chagua, Mwalimu.

Kuchagua ni kunyoosha kidole. Yeye akageuka akatazama gogo.

Joachim: Wazee, mnaonaje?

Wakavuta kreti karibu. Sijawahi kuwaona wakivuta kitu kwa nguvu vile.

Injinia: Chuma. Hapo hakuna mjadala.

Joachim: Chuma nilikuwa nacho, kilikuja na baiskeli yenyewe. Ule udongo wetu ukiingia kati ya chuma na tairi unajishindilia mpaka gurudumu linagoma. Nimewahi kuibeba baiskeli begani toka mtoni mpaka lami, watu wananiuliza nimemnunulia nani.

Injinia: Kwa sababu hukuacha nafasi. Hili ni suala la digrii. Tope linaruka digrii arobaini na tano, linapanda, linapinda, linakushukia.

Usangu: Linapindishwa na nini?

Injinia: Mzunguko wa dunia.

Usangu: Ahaa.

Alisema ahaa kweli, kama mtu aliyepewa kitu.

Fundi: Nifunge ya chuma?

Joachim: Funga. Acha nafasi ya vidole viwili.

Fundi akafunga nati. Hajafikia ya pili, Waziri kainua mkono.

Waziri: Naomba niingilie. Chuma kinapiga kelele. Wewe unaingia uwanja wa kanisa, watu wako kwenye sala, unasikika kama mkokoteni wa vyuma chakavu. Wazee hawatakuandikia kosa la pili hapo? Weka plastiki.

Injinia: Plastiki fupi vile inakinga nini? Inakinga nembo ya kiwanda!

Waziri: Na hujajiuliza kwa nini ni fupi? Wenye kiwanda cha madigadi na wenye kiwanda cha sabuni ni watu wale wale. Wamekaa mezani, wakapima mgongo wa Mtanzania, wakasema tukate hapa, tope lipite hapa, anunue sabuni. Hii kitu imepangwa.

Mimi: Waliupimia wapi mgongo wako, Yotamu? Wangepima makalio, ndiyo unayoyafanyisha kazi.

Waziri: Bibi, haya ni mambo ya uchumi.

Joachim: Lakini kweli chuma kinagonga. Fundi, fungua kwanza.

Fundi akafungua. Akaokota ya plastiki, akayaegesha kwenye gurudumu. Injinia akaguna. Joachim akamtazama Injinia. Fundi akayaweka chini tena. Nimeona kuku wakichagua pa kutagia kwa haraka zaidi.

Wingu likashuka. Mvua ikaanza kupiga turubai, wote wakajisogeza ndani na vikombe vyao, wakamsukuma fundi ukingoni, yeye na baiskeli anayoifanyia kazi. Redio yake ikatangaza mpira wa saa kumi unaanza. Nikamtazama Joachim. Joachim akauliza timu gani zinacheza.

Usangu: Mayo Evarista, niongezee kahawa kidogo. Sasa nisikilizeni mimi, nyie watu wa milimani. Ng'ombe anatembea kwenye tope Usangu masika nzima. Umeshamwona na mstari mgongoni?

Injinia: Ng'ombe wenu wana tope mpaka masikioni!

Usangu: La pembeni hilo. Nauliza mgongoni. Hana. Kwa nini? Mkia.

Waziri: Endelea.

Usangu: Unachukua gunia, unalichana, unalisuka, unalining'iniza nyuma ya kiti. Tope likija, paa! Mkia unalipiga.

Joachim: Na mkia unatikiswa na nani?

Usangu: Si makalio yako hayo? Ukikanyaga pedeli yanaenda huku na huku. Mungu kashakuwekea mashine.

Mtu anayesoma nota, anayewaambia akina mama wa sauti ya kwanza wapumue wapi, akalifikiria hilo kweli. Halafu nikaona jicho lake limetua kwenye gunia langu la mkaa.

Mimi: Ukiligusa hilo gunia nakumwagia birika.

Joachim: Naangalia tu, Bibi.

Fundi: Jamani, nifunge lipi?

Injinia: Tulia, fundi, watu wanafikiri. Mimi nasema tatizo wala si madigadi. Ni mwendo. Mwalimu anakimbia sana. Aende polepole, tope linakosa nguvu ya kupanda.

Waziri: Ni kinyume chake kabisa. Akimbie mpaka mwisho! Tope likiruka lifike mahali alipokuwa, likute keshaondoka.

Usangu: Hapo umeongea, Waziri.

Injinia: Wee! Baiskeli ishinde tope lake yenyewe?

Waziri: Risasi inaacha moshi nyuma au haiachi?

Walibishana hapo mpaka mate yakaruka digrii zote. Fundi kwa kuchoka akafunga la mbele la chuma, la nyuma akaliegesha la plastiki bila nati, na yale ya dumu akayatundika kwenye pedeli yasikanyagwe. Baiskeli ikawa kama mtu aliyevalishwa na watoto wake. Joachim hata hakuiona. Alikuwa anasikiliza, mdomo wazi, maana Injinia alikuwa amesimama. Akisimama huyo, ujue kapata jambo kubwa.

Injinia: Nimepata. Mwalimu aendeshe akiwa amekaa kinyume. Uso nyuma, mgongo mbele. Tope likija linampiga kifuani, mgongo safi kabisa. Akisimama kanisani, kifua wanakiona waimbaji tu, na waimbaji hawana kura kwenye kikao cha wazee!

Usangu: Na njia ataionaje?

Injinia: Si kazaliwa Kalenga? Anaijua.

Waziri: Mnahangaika na vidogo. Tugeuze kanisa. Viti vyote vitazame mlangoni, kwaya ikae mlangoni, mwalimu abaki madhabahuni, nyuma ya waumini. Mgongo nani atauona? Mchungaji peke yake, naye anakaa kafumba macho.

Joachim: Hilo lingehitaji kikao.

Waziri: Nitakuandikia hoja.

Joachim: Lakini kwa kesho, wazee? Kwa kesho tunafanyaje?

Wakatazama mvua. Mpira redioni ulikuwa umefika mapumziko.

Hapo akatokea Yudith, anayeimba sauti ya pili, anashuka kutoka upande wa kanisa. Mwavuli mkono mmoja, viatu mkono mwingine, kitabu cha nyimbo kakifunga kwenye mfuko wa nailoni kifuani. Akaingia chini ya turubai akijikung'uta.

Yudith: Kamwene, Bibi. Nimiminie na mimi, nimeganda. Eh! Mwalimu!

Joachim: Yudith. Ndo unakwenda mazoezini? Nisubiri tu, hapa ni kugusa.

Yudith: Natoka, Mwalimu.

Joachim: Unatoka wapi?

Yudith: Mazoezini. Tumemaliza.

Joachim akatazama wingu, kama saa iko huko juu.

Yudith: Tulikusubiri sana. Akapita Mzee Ambrosi, yule mzee wa kanisa aliyeongoza kikao, akatukuta tumekaa tunapiga soga. Akauliza mwalimu wenu yuko wapi, hakuna aliyejua. Ndo akamwita Liberatus asimame. Sauti ya tatu kaianzishia juu mno, wanaume wamekohoa mpaka basi. Lakini nyimbo zote tumezipitia.

Joachim: Kesho nitazirekebisha.

Yudith: Mzee Ambrosi kasema kesho aendelee Liberatus. Na siku zinazofuata.

Mvua ilikuwa inapiga turubai na mtangazaji anapiga kelele za biashara redioni. Joachim alisimama, akakaa, akasimama tena.

Joachim: Lakini mimi nilikuwa kwenye shughuli hiyo hiyo! Mwambie! Tulikuwa tunachagua madigadi, kwa ajili ya kesho, ili nisisimame na tope!

Yudith hakucheka. Ni mtoto mwenye adabu. Akatazama lile la chuma mbele, lile la plastiki linaloning'inia nyuma, na yale ya njano kwenye pedeli, akauliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

Yudith: Na mmechagua yapi?

Injinia akamtazama Waziri. Waziri akamtazama Usangu. Usangu akachungulia ndani ya kikombe. Fundi Lusekelo alikuwa na spana mkononi, na katika wote yeye ndiye aliyeonekana kulisubiri jibu.

Yudith akamaliza kahawa yake, akaaga, akaenda.

Hajafika mbali, Injinia kashaanza.

Injinia: Sasa jamani, mbona mambo yamekwisha? Kesho Mwalimu anaimba na sauti ya nne, mstari wa nyuma, mgongo ukutani. Tope nani ataliona?

Waziri: Kweli kabisa! Wala madigadi hayahitajiki tena.

Usangu: Tumeokoa hata kazi ya fundi.

Wakapeana mikono. Walifurahi, nawaambia, jasho likawatoka kama watu waliochimba msingi wa nyumba.

Joachim: Fundi, nirudishie gurudumu. Hayo mengine toa yote.

Akapanda baiskeli mvuani, akashika njia ya Kalenga. Hajafika kona, mstari ulikuwa umeshaanza kumpanda. Hakuna aliyemwita arudi angojee mvua ipite. Waziri akaninyooshea kikombe.

Waziri: Bibi Evarista, tuongezee. Leo tumechoka.

Nikammiminia Fundi Lusekelo kikombe kimoja kilichojaa, kilichobaki kwenye birika nikakimwaga juu ya makaa. Moshi ukawaingia machoni wote watatu.

— Bibi, vipi tena?

— Nafunga. Nendeni mkawashe moto wenu, kama mtakubaliana kuni.